Maji Yamekwisha

Sogeeni karibu, na anayetaka kusinzia asinzie sasa, maana hadithi hii mwisho wake sinao. Mwisho mtautoa ninyi.

Hapo zamani, mwaka ambao hata mchwa walihama, palikuwa na kijiji kiitwacho Mwangoni, chini ya kilima cha mawe. Kilima kile kilikuwa bahili. Ukipanda mhindi, unakauka. Ukipanda mhogo, unadumaa. Lakini katikati ya majabali uliota mti mmoja ambao haukuomba ruhusa ya mtu, nao ni mtapo.

Mgeni akiuona mtapo kwa mbali husema, kumbe huku nako kuna minazi, tena mifupi, minene. Mwache asogee aushike, atajua mwenyewe. Majani ni marefu kama ya mnazi kweli, ila kila ncha ni mwiba. Shina ni nene kama ngoma, limejaa makovu ya majani yaliyokwisha kuanguka. Na unakua polepole mpaka unaudhi: mtoto anaupima ukiwa kiunoni pake, anaoa, anazeeka, anakufa, mti haujamfika kidevuni. Moto ukipita kilimani nyasi zote huwa majivu. Mtapo hubaki mweusi kama sufuria, na masika ikija huchipua kana kwamba hapakuwa na lolote.

Tena mtapo ni kama mpapai, una dume na jike. Dume hutoa vibunzi vyembamba, jike hutoa mabunzi makubwa kama nanasi, na ndani yake mbegu nyekundu za kupendeza macho. Hondohondo hula ngozi ya mbegu na kuitema kokwa, kwani hata ndege anajua kwamba mna sumu. Sumu imo katika mbegu, imo katika shina. Na ndani ya shina hilohilo, pamoja na sumu, umo unga mweupe wa kushibisha nyumba nzima.

Miaka ya shibe, watu wa Mwangoni walikata majani tu, kupamba mlango wa bibi harusi na kufunika kaburi bichi. Miaka ya njaa waliula mti wenyewe, na waliula kwa sheria. Jike halikatwi. Dume lisilo na watoto halikatwi. Mpaka uone machipukizi yameota pale penye tako la shina, ndipo panga lipande, kwa sababu walisema anayeondoka aache wa kukaa mahali pake.

Na kazi ya mtapo haikufanywa na mtu mmoja. Ilikuwa na mikono mitatu. Mkataji hukata moyo wa shina vipande vyembamba kama kucha, akavianika vikakauka kabisa, akavitwanga. Mwoshaji huutia unga maji, akaukoroga, akauacha utuame, akamwaga. Anatia tena, anakoroga tena, anamwaga tena, siku kwa siku, mpaka maji ya juu yaonjwe na yasiuwashe ulimi. Hapo mwoshaji humwendea mpishi, mikono yake ikiwa mibichi bado, akasimama mbele yake na kusema: "Maji yamekwisha." Maana yake kuosha kumekwisha, sumu imetoka, hiki sasa ni chakula cha watu. Mpishi huitazama mikono ile, akaona maji yanadondoka, ndipo akawasha moto.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kwa kuwa neno lile ndilo lililowasha moto, mwoshaji hakulitumia ovyo. Unga ukiwa bado mtungini na kisima kikakauka, hakusema maji yamekwisha. Alisema, "Kisima kimelala." Mtoto wa Mwangoni alilijua hilo kabla hajajua kuhesabu vidole vyake.

Mwaka huo wa mchwa kuhama, mwoshaji alikuwa Nyamvula. Mumewe alikufa njaa ilipoanza tu, akamwachia binti mmoja, Kadzo. Nyamvula hakuwa na ng'ombe, hakuwa na ndugu wa tumbo moja, hakuwa na mtoto mwingine. Alikuwa na Kadzo. Na Kadzo nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu, miguu imevimba, na akiitwa anachelewa kuitika. Mama aliyewahi kumwita mtoto akasubiri jibu anajua ninachosema.

Mkataji alikuwa Ngowa, baba wa msichana aitwaye Dama, mtoto wake wa pekee. Dama na Kadzo walikuwa kama kidole na ukucha, wakilala kwa huyu leo, kwa yule kesho. Mpishi alikuwa Mbodze, dada wa marehemu mume wa Nyamvula, kwa hiyo walikuwa mawifi. Basi Ngowa akakata, akaanika, akatwanga, akauleta unga uani kwa Mbodze. Nyamvula akauosha. Alichota kisimani, akapanda, akamwaga. Akachota tena, akapanda, akamwaga. Mgongo ukauma, njaa ikauma, akaendelea.

Siku hiyo, jua likiwa limesimama, alionja maji ya juu. Ulimi ukawasha, lakini kidogo. Akajua bado maji ya mara moja, pengine mara mbili. Akayamwaga yale, akauacha unga umetulia mtungini umefunikwa, akateremka kisimani.

Kisimani akakuta matope. Na kando ya matope akamkuta Mwero, mchunga mbuzi wa kijiji kizima, na mbuzi wanajilamba midomo.

"Mwero, hawa wamekunywa?"

"Wamekunywa, dada. Wasingekunywa, maziwa yangekatika, na watoto wachanga unawajua wanaishi kwa nini."

Nyamvula hakugombana naye, kwa kuwa ilikuwa kweli. Palikuwa na dimbwi nyuma ya kilima, mwendo mrefu. Akaweka mtungi wake wa maji kichwani, kizunguzungu kikamshika, akafumba macho akafumbua. Akasema, "Nipitie kwa wifi. Mwambie maji yamekwisha, mimi naenda dimbwini."

Kisha akaondoka. Hakusikia alichokisema. Midomo yake ilisema, naye alikuwa anafikiria miguu ya Kadzo.

Mwero naye alikuwa na lake moyoni. Kumalizia kijiji kisima si jambo la kujivunia. Njia nzima aliwaza ataulizwa nini na atajibu nini. Alipofika uani kwa Mbodze akakuta watoto wamelala chini, wengine wanalia, wengine wameacha kulia, na hao ndio wa kuogopwa. Kadzo alikuwepo. Dama alikuwepo.

"Nyamvula amesema maji yamekwisha," akasema Mwero.

"Yamekwisha kweli?"

"Yamekwisha. Nimeona kwa macho yangu."

Na hakusema uongo, aliona. Habari ya dimbwi haikumtoka. Aliona hana haja ya kueleza zaidi ya alichoulizwa, hasa kwa vile maelezo yangefika kwa mbuzi. Mbodze akaitazama mikono ya Mwero. Mikavu. Akatazama njia, Nyamvula haonekani. Akamtazama mtoto mmoja aliyekuwa amelaza kichwa juu ya jiwe bila kupepesa. Akawasha moto.

Nyamvula alikuwa amefika kwenye bega la kilima alipogeuka kupumzika. Akaona moshi. Akasema moyoni, nani huyo ana kitu cha kupika? Akautazama moshi unatoka wapi. Ndipo neno lake likamrudia masikioni, moja moja, kama alivyolisema.

Mtungi ulivunjika nyuma yake, hakugeuka. Alikimbia akitelemka kwenye mawe, akaanguka, akainuka, akakimbia. Alijaribu kupiga kelele, sauti haikutoka. Mtu mwenye njaa ana pumzi moja tu, ama akimbie ama apige kelele, naye alichagua kukimbia.

Akaingia uani. Vibuyu vilikuwa vimekwisha kugawiwa. Mbodze alikuwa ameonja kwanza, kama ilivyo desturi, akasikia ladha nzuri, maana moto ulikuwa umeuficha ule muwasho mdogo, akawapa watoto. Mbele ya Nyamvula kulikuwa na Dama, kibuyu kiko mdomoni. Upande wa pili, mbali kidogo, alikuwepo Kadzo, ndiyo kwanza ananyanyua mkono.

Nyamvula akampita Dama.

Akaupiga mkono wa Kadzo, uji ukamwagika mchangani, akamtia mtoto kidole kinywani kuhakikisha. Kisha ndipo akageuka, ndipo sauti ikatoka: "Msile. Temeni. Maji bado."

Wengine walitema. Wengine walitapika mpaka jioni, wakapona. Mbodze mwenyewe aliumwa, akapona. Dama alikuwa amekwisha maliza kibuyu chake. Alitapika, akatulia, watu wakasema afadhali. Kesho yake akashikwa na kizunguzungu, akasema haoni vizuri, akamwomba baba yake amshike mkono asianguke, na alikuwa amelala. Akafa amemshika.

Mtazika na mtalia, njaa haingoji. Matanga yalipokwisha ikaja habari ya sheria. Sheria ya Mwangoni kwa nafsi iliyopotea kwa mikono ya watu ilikuwa ileile ya mtapo: palipokatwa shina, chipukizi lijaze. Nyumba yenye kosa hutoa mtoto. Mtoto huyo huingia nyumba ya msiba, akachukua jina la marehemu, akawa yeye. Na aliyemzaa, akikutana naye njiani, hamwiti tena kwa jina lake la zamani.

Basi wakapanda kilimani, mpaka penye kisiki cha dume lililokatwa, machipukizi yamekizunguka. Mzee Mwatela, mwenye neno la mwisho kijijini, akaketi juu ya jiwe. Ngowa akasimama kando yake, ameshika jani moja la mtapo, na miiba imemchoma kiganja bila yeye kujali. Jani hilo ndilo atakalomwekea kichwani mtoto atakayemchukua. Watoto watatu wakapangwa: kitinda mimba wa Mbodze, mtoto wa pekee wa Mwero, na Kadzo. Nyamvula alisimama nyuma ya Kadzo, mikono imemkaa mabegani, na hakuna aliyethubutu kumwambia aiondoe.

"Semeni," akasema Mwatela. "Kila mtu na lake."

Mwero akasema, "Mimi nilitumwa. Mjumbe hauawi. Neno nililopewa ndilo nililofikisha, sikulitia chumvi wala sukari. Niliulizwa kama maji yamekwisha, nikasema yamekwisha, na mliteremka wenyewe mkaona matope. Kama ni mbuzi, haya, ni mbuzi. Lakini nani hapa mtoto wake mchanga hakunywa maziwa yao? Mnataka nimtoe mwanangu kwa kuwa nilisema kweli?"

"Ulisema kweli nusu," akasema mtu nyuma. "Dimbwi ulilificha."

"Sikuulizwa habari ya dimbwi."

Mbodze akasema, "Mimi ni mpishi. Mpishi hungoja neno, nami nilingoja. Neno likaja. Mtasema mikono ilikuwa mikavu. Ni kweli, niliiona. Lakini niliona na mtoto anakufa mbele yangu juu ya jiwe, na yule mtoto leo yu hai, amesimama pale, kwa sababu alikula uji ule, na hata alipoutapika tumbo lilikuwa limekwisha kuamka. Ningengoja mikono mibichi ningemzika yeye. Nilionja mimi kwanza. Kama ningejua, ningeonja sumu?" Kisha akamgeukia Nyamvula, na sauti ikabadilika. "Wifi, mimi nawe tumelia msiba mmoja. Lakini nitalisema. Ulipoingia uani, Dama alikuwa karibu nawe. Mkono wako ungemfikia. Ulimpita. Ulimwokoa wako kwanza, ndipo ukakumbuka kwamba una sauti."

Ngowa alikuwa hajalisikia hilo. Aliinua uso akamtazama Nyamvula kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Nyamvula akamvuta Kadzo karibu naye. Akasema, "Ni kweli. Nilimpita. Sina la kusema juu ya hilo, na aliye mama asinifundishe. Neno nililitamka mimi. Nilipaswa kusema kisima kimelala, nikasema maji yamekwisha, kwa kuwa nilichoka na kichwa kilizunguka. Lakini sikumwambia mtu awashe moto. Wifi anajua kwamba neno la kuwasha moto halitumwi. Huja na miguu yake, na mikono yake mibichi. Mwero anajua nilikwenda wapi. Mimi nilikosea neno moja. Wao walikuwa wawili wa kulisahihisha."

Hapo angeweza kunyamaza. Lakini kwenye pindo la nguo yake palikuwa na fundo, na ndani ya fundo palikuwa na kitu alichokitembeza tangu siku ya msiba bila kumwonyesha mtu. Mzee Mwatela alikwisha inuka, amemwashiria Ngowa aende kwa watoto. Ngowa akapiga hatua. Akampita mtoto wa Mbodze. Akampita mtoto wa Mwero. Jani likaanza kuinuka.

Nyamvula akafungua fundo.

Lilikuwa donge la mtapo, nene kama kisigino cha mtu, nje limesinyaa, ndani bado jeupe na bichi kama lilivyotoka kwenye shina. Alilikuta chini kabisa ndani ya mtungi wa unga, na halikuwa peke yake. Kipande kilichokatwa kinene hakikauki ndani, na kisichokauka hakitwangiki, na kisichotwangika maji hayakifikii, hata ukiosha mpaka masika. Aliyekula uji wa juu alitapika. Aliyepewa uji wa chini, wenye madonge, alikufa.

"Baba Dama," akasema, "nisamehe. Nilitaka nikae nalo mpaka kaburini."

Ngowa alilitazama lile donge. Kila mtu pale alijua vipande vyembamba kama kucha ni kazi ya nani. Akasema, wala si kwa sauti ya kugombana.

"Mkono ulikuwa unatetemeka. Nilikata vinene ili niwahi. Dama ndiye aliyeniambia, baba, wahi."

Mtu mmoja akasema, basi, yamekwisha, kila mtu ana lake, jani litupwe twende zetu. Mzee Mwatela akatikisa kichwa.

"Jani la fidia halitupwi," akasema. "Likikatwa lazima likae. Mpaka likae, panga halipandi kilimani. Kuna dume moja zaidi lenye watoto, ndilo chakula chetu mpaka mvua. Mkitaka kusameheana, mtasameheana hapa, na njaa itawazika mmoja mmoja mmeshikana mikono. Na msiniambie nyumba ya Ngowa ina kosa hivyo isipewe kitu. Sheria haikusema nyumba ya msiba iwe safi. Ilisema iwe tupu. Hiyo ni tupu." Akamgeukia Ngowa. "Lakini mwenye mkono uliokata vinene, sitakuchagulia. Chagua wewe."

Ngowa akasimama mbele ya Kadzo, jani mkononi, damu ya miiba inashuka kwenye mkono wake. Kadzo alikuwa amelala nyumbani kwake mara nyingi kuliko anavyokumbuka. Alijua mlango wake unafunguka vipi. Akamtazama Ngowa, hakumwogopa. Kisha akageuza shingo akamtazama mama yake.

"Mama," akauliza, "nikikukuta njiani, nitakuita nani?"

Hapo ndipo nilipowafikisha, na miguu yangu haivuki. Msinijibu haraka, na msinijibu kwamba wote wana makosa. Hilo hata mbuzi wa Mwero wanalijua. Jani ni moja. Mwoshaji alikosea neno na akampita mtoto wa mwenziwe. Mjumbe alisema kweli akaificha nusu. Mpishi aliona mikono mikavu akawasha moto, akaokoa mmoja akaua mmoja. Na mwenye msiba ndiye aliyekata vinene. Njaa ingali inangoja chini ya kilima.

Je, jani lile lilistahili kichwa cha mtoto wa nani?